Nilipima Diski kwa Uzi

Jumatano, baada ya chakula cha jioni

Diski mpya imeingia vizuri kabisa, lakini kompyuta haiioni!

Asubuhi nilipima nafasi yake ndani ya kompyuta kwa uzi, kama ninavyompima mteja kola, nikaenda na uzi huo hadi Bungoma. Muuzaji alicheka. "Ati unashonea kompyuta suti, madam?" Akanipa diski nyembamba kama kijiti, sawasawa na uzi wangu.

Jioni hapa Kitale, jirani yetu fundi wa kompyuta amenieleza. Vijiti hivyo ni vya aina mbili, SATA na NVMe; urefu ni mmoja, lakini kila aina huzungumza na kompyuta kwa njia yake. Nafasi yetu inataka NVMe. Nimeleta SATA. Ipo pia SATA ya waya, lakini waya wetu ni mmoja na umeshika diski ya zamani.

Na hiyo ya zamani inagonga, tik, tik, kama inayokaribia kufa. Video ya arusi yetu iko humo tu, na nyanya yake mume wangu Wafula akicheza mbele yetu, wiki mbili kabla hatujamzika.

Wafula wangu alipopiga simu, "Niaje, mke wangu?", moyo uliyeyuka. Mke wangu! Nilimwambia kuhusu uzi, akacheka hadi akakohoa. Nikamwambia kuhusu tik.

Akaacha kucheka, akaniambia haraka:

"Izime, mpenzi. Usiiwashe tena mpaka upate ile NVMe."

Nimeizima. Kesho narudi Bungoma, jina la NVMe nimeliandika kiganjani. Lakini ili kunakili video lazima niiwashe mara moja tena, na kama mara hiyo ndiyo itakayokuwa ya mwisho kwake...