Kura za Odilia

Jumamosi

Kura zile watu wa televisheni wanazipeleka wapi? Niliwashuku tangu walipoandika "mubashara" kwenye televisheni, fainali ya kuimba ilipoanza.

Tulijaa kwa jirani yangu, Mama Odilia, kumwangalia binti yake akishindana. Nilikuwa nikiwaeleza akina mama namna ya kupiga kura kwa simu. Odilia akiwa katikati ya wimbo, simu ya mama yake ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Odilia? Si uko hapa unaimba?"

"Walirekodi juzi, mama. Wametukataza kusema."

"Umeshinda?"

Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia Odilia akilia kwenye simu.

Mama Odilia aliifunika simu kwa kanga. "Mwalimu, hili usiwaeleze."

Sikueleza. Wenzetu waliendelea kumpigia kura. Bibi mmoja asiyejua kusoma akaniomba nimwandikie yake, nikaandika.