Kikombe Ulichotaka Kifukiwe

Mama,

Shikamoo. Nimekaa pale ulipokuwa unakaa wewe, kwenye mkeka wa barazani, mbali na mlango. Leo kuna mechi hapa Chamazi, honi zinalia tangu adhuhuri, na mwanangu, wajina wako, amelala hivyo hivyo. Anatembea sasa. Anashika ukuta, anaanguka, anacheka. Tangu uanze kwenda kwenye mashine ya mionzi hospitali hukumbeba hata siku moja.

Wiki iliyopita, baada ya arobaini yako, mama mdogo Zuwena alikuja tugawe nguo. Kanga tulizimaliza. Kisha akatoa kikombe chako cha bati, kile cha ukingo wa buluu, kakiviringisha kwenye gazeti. "Hiki dada kaniusia nikifukie. Asinywee mtu, hasa mtoto. Kina mionzi."

Nilicheka, mama. Nilicheka kwanza. Halafu nikamuuliza nani aliwaambia hivyo. Akaniangalia kwa huruma. "Si wewe? Alisema mwalimu mwenyewe kathibitisha."

Nimeikumbuka siku hiyo, wiki ile ile uliyoanza mashine. Ulikuwa unachambua mchele, mie nasahihisha mitihani ya kidato cha nne. Ukauliza, "Eti mwalimu, hii mionzi huwa inaisha?" Sikuinua kichwa. Mbele yangu kulikuwa na swali la unururifu, na nikakujibu kama ninavyomjibu mwanafunzi: kitu kinachotoa mionzi hupungua nusu, baada ya muda ule ule hupungua nusu ya kilichobaki, kisha nusu ya hiyo.

"Kwa hiyo haiishi?"

"Kwa hesabu, mama, haiishi kabisa."

Ukasema, "Haya." Ukaendelea na mchele wako.

Jibu lilikuwa sahihi. Ningempa mwanafunzi alama zote. Ila mie nilikuwa nazungumzia madini, vitu ambavyo viini vya atomi zake havijatulia, vinavunjika vyenyewe na kutoa mionzi. Wewe ulikuwa unauliza kuhusu titi lako.

Kuanzia siku hiyo ukawa na kikombe chako, sahani yako, mkeka wako. Mtoto akikutambalia unaita, "Njoo mchukue mwanao!" Na mie, mama, nilidhani ni kwa sababu nimemzaa bila ndoa. Nilimpa jina lako ili unisamehe, na nikaona hata hilo halikutosha. Nikanuna. Miezi ile yote tuliyobakiwa nayo nilikuwekea chakula bila neno, nikarudi ndani. Wewe ulikuwa unatulinda. Mie nilikuwa nakuadhibu.

Nisikilize sasa, japo umechelewa kuambiwa. Mionzi ile ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi. Ndiyo maana inaumiza seli, na seli za saratani hushindwa kujitengeneza zaidi kuliko zile nzima. Lakini ya mashine yako ilikuwa inakupita tu. Mashine ikifungwa, imekwisha, kama taa: ukiizima hakuna mwanga unaobaki ukutani. Kuna tiba nyingine, mtu humeza dawa yenye mionzi, huyo kweli hukaa peke yake kwa siku kadhaa. Yako haikuwa hiyo. Ulirudi nyumbani umechoka, ngozi imeungua, na huna mionzi yoyote ya kumdhuru mtu. Ungeweza kumlaza kifuani siku ile ile.

Dakika mbili tu za kukueleza haya. Ndizo nilizokunyima.

Jumatatu nilifundisha mada hiyo. Kwa Kiingereza, kama siku zote. Ulikuwaga unanitania, "Kizungu hicho ukimwambia kuku, atataga?" Wanafunzi wakaimba wote kwa pamoja: alfa huzuiwa na karatasi, beta na bati jembamba la alumini, gama hupunguzwa na risasi nene. "Madam, tumeelewa!" Kisha nikawauliza kwa Kiswahili: mtu aliyepigwa mionzi ya mashine hospitali, ukimshika mkono, inakuhamia? Mikono ikanyooka, zaidi ya nusu ya darasa. Ndiyo, inahamia. Msichana mmoja wa dawati la mbele akasema, "Madam, sie bibi tulimtengea sahani yake. Mpaka alipofariki." Nikageukia ubao. Nilipowageukia tena nikawaeleza kama nilivyokueleza hapa, na yule msichana alilia.

Watu wananiambia nimshukuru Mungu, umepumzika. Nashukuru. Lakini nikifumba macho nakuona umerudisha mikono nyuma, mtoto anakujia, na mtu pekee nyumba hii aliyejua kwamba mikono ile haina kitu yuko ndani, kakasirika.

Kikombe sijakifukia. Nisamehe, huo ndio wasia wako pekee nitakaouvunja. Nimekiosha, nimekitilia chai ya tangawizi, nimeinywa yote. Sikupata nafuu niliyoitarajia. Kilikuwa kikombe tu. Huyu akiamka nitampa maziwa yake humo.

Kwaheri, mama yangu. Sina cha kukulipa. Naahidi hili moja: mtu akiniuliza jambo, nitaweka kalamu chini, nitainua kichwa, nimwangalie nijue anauliza nini.

Mikono yako ilikuwa salama. Ilikuwa salama wakati wote.

Mwanao,
Rukia