Filamu Iliyonitoa Kwenye Kipaimara

Makambako,
Jumapili, 17 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuahidi kukueleza yote bila kuficha, hata yatakayokuchukiza. Kwanza, hali yako? Na mgongo wa mama umepata nafuu tangu mmalize kuchuma pareto? Mimi ni mzima. Shangazi ananitunza vizuri, ila upepo wa hapa ni mkali kuliko wa kwetu Ipelele.

Baba, jana sikwenda kwenye mafundisho ya kipaimara. Nilikwenda banda la video nyuma ya soko pamoja na Zawadi, binti wa shangazi. Wiki nzima darasani hakukuwa na habari nyingine ila filamu ya majitu yanayoshuka kutoka angani na kupigana na wanajeshi. Zawadi akanitania, "Wewe mtoto wa mzee wa kanisa, utakufa hujaona kitu." Nikaona haya, nikaenda.

Sijawahi kuona upuuzi wa namna ile. Wanaisifu kwamba ni ya kweli. Ukweli wenyewe ni vumbi usoni, matusi, na picha inayotikisika kana kwamba mpigaji ana homa. Kamanda anachomwa kifuani, anajifunga kitambaa, anakimbia kuliko wazima. Mji mzima unateketea, na hakuna askari hata mmoja anayeuliza mama yake yuko wapi. Mtafsiri aliyeweka Kiswahili juu yake aliyafanya majitu yaongee kama wapiga debe wa stendi: "Leo mtatukoma!" Aliposema yamefuata maji ya dunia, kijana mmoja akapaza sauti, "Yapelekeni Makete, huko mvua haikatiki!" Banda zima likacheka. Mimi wa Makete nikanuna.

Nadhani najua kwa nini wanaipenda. Jitu halina mama wala jina, kwa hiyo unashangilia likiuawa na hujioni mwenye dhambi. Naidharau filamu ile. Lakini nimeahidi yote: nilikaa hadi mwisho, na mwanajeshi wa kike alipombeba mwenzake mgongoni nilisimama juu ya benchi nikapiga kelele kama wengine.

Leo ibadani mwinjilisti alisoma majina ya waliokosa bila ruhusa. Zawadi akaninong'oneza, "Sema ulikuwa na homa." Baada ya ibada nilimwambia mwinjilisti ukweli.

"Umeacha mafundisho ukaangalie majitu?"

"Ndiyo, mwinjilisti."

"Yalishinda?"

"Hapana."

"Basi aliyeshindwa ni wewe." Akafuta jina langu.

Utaratibu wa hapa, aliyefutwa harudishwi mpaka mzazi mwenyewe aandike kwamba amelijua kosa na anaomba mtoto apokelewe tena. Mwisho ni Jumamosi ijayo. Shangazi alitaka kuandika kwa jina lako. Nilimkatalia, ukawa uongo wa pili niliouepuka kwa siku moja, na nguvu zangu za kukataa si nyingi.

Barua hii anakuletea mama muuza viazi, jirani yetu. Atarudi huku Alhamisi. Nisalimie mama, na bibi aliyenifundisha kusali, na kaka Yona anayekusaidia shambani. Wasomee yote, sitaki wasikie kwa watu.

Baba, gauni jeupe sijalishona bado, na sitaligusa mpaka nijue. Je, utamwandikia mwinjilisti?

Binti yako,
Upendo