Mstari Ulioteremka

Jumatatu, 3 Machi

Mashine ya mionzi imepata moto. Leza za kumlenga mgonjwa ziko sawa. Joto la chumba na presha ya hewa nimeandika. Kipimo cha mionzi kiko ndani ya mpaka. Mlinzi mpya ameniuliza kama mimi ndiye fundi wa stima. Nimemwambia kazi yangu ni kuhakikisha mionzi inaingia pale daktari alipopanga, na kwa kiasi alichoandika. Amecheka.

Wiki jana mashine ilikufa siku nne. Leo foleni imefika getini. Watu wa Naivasha, Subukia, Kuresoi, wote wamefura kwa hasira, na haki wanayo. Daktari mkuu aliniuliza tutawamaliza vipi. Nikasema walio katikati ya matibabu tusiwapige ile picha ya kila wiki, tunayopiga kuona kama mionzi itapiga uvimbe wenyewe. Kila picha inakula dakika kumi. Alama zilizochorwa kwenye ngozi zinatosha. Wiki mbili tu. Nikatia sahihi.

Jumatano, 5 Machi

Watu hamsini na mmoja. Mgongo unaniuma.

Mzee Koech amepita leo. Mkulima wa viazi kutoka Kuresoi, saratani ya koo la chakula. Yeye na mkewe, Mama Faith, wamekodi chumba Kaptembwo, hapa Nakuru, mpaka amalize vikao vyote ishirini na nane. Hana maneno mengi. Anataka kumeza ugali, basi. Brian, anayeendesha mashine, amesifu alama za kifuani mwake. Za wengine zimefifia kwa jasho, zake nyeusi ti. Nami nilitazama nikafurahi.

Jumanne, 11 Machi

Koech hamezi. Kufikia sasa uji ungekuwa unapita. Hata maji yanarudi, na anatapika sana. Daktari amesema tumpe muda. Kuna kitu kinanikera hapa na sikijui. Ningempiga picha leo, lakini sahihi ni yangu na foleni ilikuwa ndefu. Ijumaa.

Ijumaa, 14 Machi

Picha imepigwa. Nimeitazama mara ya kwanza nikadhani Brian amekosea kumlaza. Tumemlaza upya. Ile ile. Mionzi inaingia sentimita tatu chini. Uvimbe, upande wa juu, uko nje kabisa. Tumbo liko ndani ya mionzi.

Nimemwita Mama Faith. Nikamuuliza polepole kama kuna mtu amegusa alama. Akafungua mkoba, akatoa maka peni anayoandikia jina kwenye magunia ya viazi. Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa anajivunia.

"Nachora kila asubuhi akishaoga, daktari. Mlisema zisifutike."

Alianza zile siku nne mashine ilipokufa, alipoona zinafifia. Kila siku amefuata ukingo wa chini wa mstari wa jana. Wino mnene, mstari unashuka kidogo. Kesho tena kidogo. Nilimwambia asichore tena, nikarudi ndani.

Jumamosi, 15 Machi

Hesabu siku nzima, mezani kwangu nyumbani. Vikao tisa. Kila kimoja kimeikosa sehemu ya juu zaidi kuliko cha jana yake. Kurudia vyote haiwezekani. Mwili hausahau mionzi. Uti wa mgongo ukizidishiwa, anapooza. Naweza kumwongezea kidogo pale juu. Haitoshi. Nimepiga hesabu upya nikitumaini nimekosea. Sikukosea.

Picha moja ile wiki ya kwanza ingeonyesha. Dakika kumi.

Jumatatu, 17 Machi

Kikao cha wakubwa. Ripoti imeandikwa tayari: alama zilibadilishwa na familia ya mgonjwa. Kila neno ni kweli, na hapo ndipo penye ubaya. Kuhusu picha, hakuna neno. Daktari mkuu akanitazama, akauliza kama kuna la kuongeza. Nilijitia hamnazo. Nikasema hapana. Nina mkopo, nina watoto wawili, na nilikuwa naogopa. Najichukia.

Jumatano, 19 Machi

Brian amemwambia Mama Faith. Pale mlangoni, watu wakisikia. Kwamba yeye ndiye aliyesogeza alama na ndiyo sababu mzee hapati nafuu. Si mtu mbaya, Brian. Amesoma ripoti akaiamini.

Mama Faith hakulia. Aliketi kwenye benchi akiwa amekunja mikono kifuani, na mzee akampapasa bega. Nilimwona kupitia kioo. Nilipaswa kutoka. Badala yake nilienda kupima leza nilizokwisha kupima asubuhi.

Jumanne, 25 Machi

Hawajaja tangu Alhamisi. Simu ya Mama Faith imezimwa. Mwenye nyumba kule Kaptembwo anasema walirudi kwao.

Nimeandika ripoti yangu. Nani alisimamisha picha, lini, kwa nini. Jina langu chini. Nakala moja kwa daktari mkuu, moja kwa wakaguzi wa mionzi. Liwalo na liwe. Kufikia saa nane nilikuwa nimeondolewa kwenye kazi ya kutia sahihi matibabu. Hakuna anayenisalimia isipokuwa yule mlinzi.

Ijumaa, 4 Aprili

Koech amekufa juzi. Habari imeletwa na mgonjwa wa kutoka Kuresoi. Anasema siku za mwisho hata mate yalikuwa hayapiti.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeenda Kuresoi. Walizika Alhamisi, udongo bado mbichi. Mama Faith alikuwa jikoni na wanawake wawili majirani. Amekonda. Nilikuwa nimeiandika ripoti upya kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja.

Nikamwambia yote. Kwamba kazi ya kuangalia ilikuwa yetu. Kwamba ni mimi niliyesema tusipige picha, na kwamba mtu yeyote angeweza kuchora vile alivyochora, ndiyo maana picha zipo. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika mkono.

"Asante kwa kunifariji, daktari. Lakini mimi najua nilichofanya."

Nikarudia. Akatikisa kichwa. Mara ya tatu aliniomba ninyamaze, nisijitwike kosa lake kwa kumhurumia. Akawageukia majirani, akawaambia kwa Kikipsigis, kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba hospitali ile ina watu wenye utu, huyu ametoka Nakuru kuja kumpoza moyo. Wakanishukuru.

Karatasi aliikunja bila kuisoma, akaiweka ndani ya Biblia. Akanipakulia chakula. Nilikula. Nimefika nyumbani saa moja.