Barua Aliyoisoma Mwenyewe

Liuli, 6 Machi 2023

Mama mpendwa, shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia. Huku si salama. Mwanetu Eunice amefariki juzi Jumamosi, homa ya siku tatu tu. Miezi minne, na hukuwahi kumwona. Barabara imekatika kwa mvua, usijaribu kuja. Ungekuwa unasikia kwenye simu ningekupigia. Niandikie tu, nipate neno lako.

Mwanao,
Rosina

Matiri, 27 Machi 2023

Mwanangu Rosina, marahaba. Kikohozi kimeisha, mahindi yanabeba. Jirani yetu Placidi amenisomea barua yako, anasema mpo salama wote. Mungu ashukuriwe. Leo anayeniandikia ni binti yake Herieth, Placidi anasema mkono unamuuma. Nimemfumia Eunice kofia. Mwambie bibi yake anakuja tukishavuna kahawa.

Mama yako,
Otilia

Matiri, 20 Agosti 2023

Rosina mwanangu, u hali gani? Miezi mitano hukunijibu. Juzi nilikukumbuka, nikamwomba Herieth anisomee tena barua yako ya Machi. Akaisoma kimya, akaanza kulia. Ndipo nikajua Eunice hatunaye.

Nilimfuata Placidi. Akaniambia, "Mama Rosina, wewe husikii mpaka mtu apige kelele. Maneno yale ningeyapigiaje kelele uani kwako?"

Nisamehe, mwanangu. Nakuja.

Mama yako

Liuli, 9 Septemba 2023

Shikamoo mama. Nimeelewa. Lakini usije kwanza. Ile kofia niliiona dhihaka, na miezi yote hii nimekuwa nikikuita moyoni mwangu mtu asiye na huruma. Siwezi kuacha kwa siku moja. Nipe muda.

Rosina

Matiri, 12 Novemba 2023

Mwanangu, salamu nyingi, na kwa Allen, baba Eunice, pia. Nakuachia muda wako. Mimi nimeanza kusoma kwa Mwalimu Bonifasia, pale parokiani.

Mwanzo nilimdanganya bila kukusudia. Alinipa kitabu cha sala, nikasoma Salamu Maria mpaka amina. Akafurahi, halafu akacheka: kidole changu kilikuwa ukurasa mwingine kabisa. "Mama, unasoma kichwani." Akakitaka kitabu akiweke kando, kisha akabadili mawazo. "Basi tuanzie hapo hapo kwenye unachokijua. Maria yuko wapi?" Nikamtafuta neno kwa neno. Nilipompata, ile "ma" yake nikaikuta tena kwenye "mama". Nikapiga ukelele, wenzangu wakageuka.

Tatizo langu ni "r". Nyumbani tunasema "balua", basi nami naandika "balua". Mwalimu anasema ulimi umeutangulia mkono.

Herieth anakusalimu.

Mama yako

Matiri, 18 Februari 2024

Losina mwanangu hujambo. Hapa naandika mimi. Hakuna mtu.

Balua ya Machi nimeisoma. Siku nne. Nilipofika Eunice nilisimama. Nikaludi. Nikasoma tena Eunice.

Sasa najua ulivyosema. Sikumwona. Nieleze alifananaje.

Mama

Liuli, 3 Machi 2024

MAMA, SHIKAMOO.

NAANDIKA HERUFI KUBWA USOME PEKE YAKO.

ALIKUWA MWEUSI KAMA BABA YAKE. PAJI LA USO NI LAKO. AKICHEKA ALIFUMBA JICHO MOJA. ALIPENDA KULALA KIFUANI KWANGU.

KESHO NI MWAKA MMOJA. NILISOMA BARUA YAKO NIKALIA, ALLEN AKADHANI KUNA MSIBA TENA. NIKAMWAMBIA HAPANA, NI MAMA.

NJOO, MAMA. NATAKA TUENDE WOTE KABURINI.

MWANAO,
ROSINA