Alama Nyuma ya Ubao

Kaloleni, Nairobi
Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mjukuu wako Ryan, ambaye sasa amenipita kimo na bado anaomba pesa ya chakula kama mtoto wa nasari. Sisi tu wazima. Natumaini goti lako limepoa baada ya ile dawa, na kwamba Mama anapata usingizi tangu baridi ipungue. Nimeandika barua kwa sababu simu yako huwekwa spika katikati ya ua, na haya si ya kusikiwa na kila anayepita kuomba chumvi. Jirani yangu Ndete, anayekuja huko kwa mazishi, atakukabidhi mkononi. Isome peke yako.

Mama ameniambia unatafuta mtu wa kununua tezo na patasi zako. Anasema ulikaa ukapiga hesabu: siku ishirini na tatu juu ya ubao mmoja kwa shilingi elfu kumi na nne, hiyo ni mia sita na nane kwa siku, na hata anayebeba kokoto mjini anakushinda. Hesabu yako ni sahihi. Nimeirudia mara mbili. Ila nakuomba usiuze kitu kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Kibanda changu kingali palepale. Nauza vipuri vya magari ambavyo walioyaunda waliacha zamani kuvitengeneza: taa, vishikio vya milango, nembo. Nilianza na sanduku moja la balbu, na hakuna aliyenishika mkono. Watu wakisikia bei zangu hushika kichwa. Kioo cha taa ya Pijo 404 nilikitoa kwenye gari lililogeuzwa banda la kuku kule Kangundo, nikalipa mia tano, nikakiuza elfu tisa. Si wizi. Mwenye gari alikuwa amekitafuta miaka miwili. Kipuri cha aina hiyo hakiuzwi kwa uzito wa chuma, kinauzwa kwa jinsi mtu alivyohangaika kukikosa.

Sasa, ule ubao. Ulikuwa wa Daktari Ng'ang'a, daktari wa meno, mwenye Jagua ya mwaka 1964. Mchwa walikula dashibodi yake gari likiwa limeegeshwa, na yale mabaki niliyokuletea upime ndiyo waliyobakiza. Muhonja, anayeshona viti vya magari kibanda cha pili, husema Daktari huongea na lile gari kwa heshima asiyotupa sisi. Mwezi uliopita alilipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani, akatualika kwa sababu tulilifanyia kazi. Tulisimama juani na soda zetu. Mwamuzi mmoja akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya ubao wako wa muhugu polepole, akamwita mwenzake naye aguse. Wakampa Daktari zawadi ya gari lililotunzwa vizuri kuliko yote kwa ndani.

Watu wakamzunguka, naye akaanza somo. Alisema kazi ya namna ile ilizikwa na wazee wa Kiingereza walioijua, na kwamba ukimpa fundi wa hapa atakurudishia mlango wa choo. Watu wakacheka. Muhonja akanitazama, maana alikuona ukishuka basini na ule ubao umeufunga kwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Mimi nikanywa soda yangu. Siku tatu nilimlaani Daktari kwa kila aliyenisikiliza. Siku ya nne Muhonja akachoka, akaniuliza, sindano ikiwa mdomoni, ni nani hasa aliyemwambia Daktari kwamba ubao ulitoka Uingereza.

Ni mimi, Baba.

Nilimwambia nimeuagiza. Kuagiza kweli kungemgharimu laki tatu na nusu pamoja na ushuru. Nilimtoza laki mbili na elfu kumi, akanishukuru. Wewe nilikuambia mteja ni mgumu. Toa elfu kumi na nne zako, toa vanishi na skrubu elfu sita na mia tano, toa elfu nane za aliyeufunga kwenye gari: nilibaki na 181,500. Yale mabati ya jikoni niliyowanunulia, mkaniombea baraka kanisani mpaka Mama akalia, yalikuwa elfu thelathini na nane. Ilikuwa pesa yako, nami nikapokea shukrani.

Lililo gumu zaidi ni hili. Nyuma ya ubao uliweka alama yako, ile mikato mitatu kama unyayo wa kuku, ambayo Babu alikupa. Niliiondoa kwa msasa. Nikapafukiza kwa moshi wa koroboi paonekane pazee, nikagonga namba ya uongo ya kiwanda juu yake. Sikumaliza hata dakika kumi. Nilijiambia alama ile ikibaki, ubao unashuka hadi elfu thelathini, na hapo pia sikukosea hesabu.

Najua kwa sababu nimeshamwambia Daktari. Alicheka, akadhani namtania. Alipoona sicheki akasema basi ubao ni wa elfu thelathini, nimrudishie laki moja na themanini. Ubao ni uleule, na zawadi aliyopewa kwa ajili yake ilikuwa rafuni nyuma ya kichwa chake. Nikamwambia aung'oe aniletee, na siku hiyohiyo atapata laki mbili na elfu kumi zote, hata nikikopa kwenye chama. Leo ni siku ya kumi na moja na hajauleta. Juzi alipiga simu, pesa hakutaja. Aliuliza kama yule mzee anaweza kuchonga vipande vinne vya milango. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Usikubali chini ya laki na ishirini. Mpatane wenyewe, mimi nisiwe katikati.

Nimetuma elfu sitini leo kwenye simu ya Mama. Ukitoa na yale mabati, zimebaki 83,500, nitakazolipa elfu kumi na mbili kila mwezi kwa miezi saba. Mia tano itakayozidi ni ya dawa ya goti. Sikujikatia hata ya usumbufu.

Ukiikubali hiyo kazi, alama usiiweke nyuma. Iweke mbele, karibu na kishikio, aione kila akifungua mlango, na uikate kwa kina ambacho msasa wangu haufiki. Ukiikataa sitakuwa na la kusema, ila tezo usiuze.

Nisalimie wote hapo uani na wanakwaya waliotuombea. Mama mwambie wewe kwamba mabati ni yako. Mimi nilijaribu kwa simu, nikashindwa.

Ni mimi binti yako,
Wanza