Vichwa Vilivyopita Kwenye Ngata Yako

Kaka yangu Sele,

Shikamoo. Najua huko mahabusu ungeitikia marahaba kisha uniulize kama nimekula. Sijala, nina hasira. Jana mahakamani tuliangaliana tu, askari wakakupitisha, hata neno moja hatukusemezana. Kwa hiyo naandika, na naandika wazi. Kariakoo nzima ikitaka kusoma, isome.

Unaikumbuka siku niliyoishona ile ngata? Arobaini ya Mama ilikuwa imepita, ukaja bandani kwangu ninapouza chakula na kanga yake ya zambarau. "Nishonee ngata ya kubebea mizigo," ukasema. "Mama alinibeba mgongoni, sasa na mimi nimbebe kichwani." Nikakufokea kwamba kanga ya marehemu si ya kuwekea marobota ya vitenge. Ukacheka weee, mpaka na mimi nikacheka. Nikaishona palepale, wali uko jikoni, mkasi sina, uzi naukata kwa meno.

Tangu hapo ikawa inaning'inia kwenye msumari wa banda langu. Kila kuli wa uchochoro wetu anajua utaratibu: ukipata mzigo wa ghafla na huna ngata, unachukua inayoning'inia, ukimaliza unairudisha. Chande aliivaa. Mponda aliivaa. Yule Msukuma mrefu aliivaa mpaka nikadhani ni yake. Ilirudi imelowa majasho ya watu, nawe unaichukua unaiweka kichwani hivyohivyo. Nilikwambia utapata upele. "Hawa wenzangu," ukanijibu, "upele wao ni wangu." Ehee, umeyaona sasa?

Siku moja haikurudi msumarini. Niliona, Sele, na sikuuliza, nikadhani iko kichwani kwa mtu. Kesho yake tukasikia stoo ya vitenge imevunjwa, mlinzi kakatwa panga, na aliyemkata hakumwona sura. Ngata imeokotwa kwenye ngazi za stoo. Polisi wakaja nayo ndani ya mfuko, wakauliza ni ya nani. Watu wote kimya, wewe ukatoka kifua mbele: "Ni yangu hiyo. Kanga ya mama yangu." Ulidhani umekuja kurudishiwa mali yako! Najua, kuli hakani ngata yake. Lakini kaka, siku ile ungekaa kimya kama wenzako. Wakakuchukua mate ya kupima vinasaba wewe peke yako, wengine hawakuguswa. Na kesi ya unyang'anyi wa silaha haina dhamana, na hukumu yake ni miaka thelathini. Utatoka huko mzee, mimi nikiwepo au nisiwepo.

Sasa haya ya jana. Yule mama wa maabara alieleza taratibu, hata mimi wa sufuria nikaelewa. Kwenye ngata walipata chembe chache mno za ngozi. Vinasaba vya watu vimechanganyikana, vingine vimekatika vipande, mtu kwa macho yake hawezi kuvitenganisha. Basi wanaviingiza kwenye programu ya kompyuta, inapiga hesabu: mchanganyiko huu unaelezeka vizuri zaidi Selemani akiwemo, au akiwemo mtu mwingine tu asiyejulikana? Ikatoa namba ndefu. Wakili wa serikali akaidaka ile namba, akamgeukia hakimu: "Mheshimiwa, kwa namba hii hakuna shaka yeye ndiye aliyevunja stoo."

Ala! Nilinyanyuka, yule dada wa pembeni akanivuta gauni. Namba inazungumzia ngozi yako kuwemo kwenye ngata yako! Nani alikataa? Si ulisema mwenyewe tangu siku ya kwanza?

Nimshukuru wakili wako. Akauliza, programu inasema chembe zile ziliingia lini? "Hapana." Inasema nani alipanda ngazi? "Hapana, hiyo si kazi yake." Uliiambia ni za watu wangapi? Mama akasema programu lazima ipewe idadi, na kwa alichokiona yeye aliweka wawili.

Wawili, Sele! Ngata ya uchochoro mzima, watu wawili!

"Na wakiwa sita?" wakili wako akamuuliza. Yule mama akavua miwani. "Ningerudia hesabu yote. Na kwa chembe chache hivi, huenda nisingepata jibu la kutegemea." Sina ugomvi naye, kasema kweli. Ugomvi wangu ni na hao waliompelekea kile kitambaa bila kumwambia kinavyotumika. Alidhani ngata ni kama mswaki, kila mtu na wake. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja kusimama bandani kwangu nusu saa akaona.

Hakimu kaahirisha, utetezi ulete mashahidi. Nikatoka pale moja kwa moja kwa makuli wenzako, nawakuta wanakula. Nikawaambia twendeni mkatoe mate, ijulikane ngata imepita vichwa vingapi. Chande akasema, "Dada, mimi nina watoto. Nikitoa mate, nitatoka?" Nikawanyang'anya sahani. Ndiyo, nimefanya hivyo, na mchuzi ukamwagika. "Mlipokuwa mnaivaa ngata ya kaka yangu hamkuwa na watoto?" nikawauliza.

Siwalaumu sana, wanaogopa kukaa ulipokaa wewe. Lakini leo asubuhi Chande kaja, kavaa shati la kwenda msikitini, kasimama mlangoni hata salamu hakutoa. "Twende kabla sijabadili mawazo," akasema. Nikalia, kaka, mbele za wateja.

Tunakwenda kwa wakili wako sasa hivi, na mimi siendi kumsindikiza Chande tu. Uzi wa ngata ile niliukata kwa meno, mshono baada ya mshono, mate yangu yamo. Waniingize na mimi kwenye hesabu yao. Kama kuwemo kwenye ngata ndiko kuvunja stoo, basi mimi niliivunja kabla yako, na Mama aliivunja kabla yangu.

Kula, hata kama chakula cha huko ni kibaya. Msumari wako upo, sijatundika kitu.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zuhura